Pikipiki ikilala Mokowe: betri inayokufa ikiwa imesimama

Mwanzisha uzi, Amu

Assalam aleikum ndugu zangu. Nimefungua uzi huu kwa sababu katika muda wa miaka mitatu nimenunua betri tatu za pikipiki, na kila mara niliamini kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Safari hii nilipima kabla ya kulaumu, nikaandika vipimo daftarini, na nimeridhika kwamba betri zile zilikuwa nzima siku niliyozinunua. Zilikufa zikiwa zimesimama, kwa sababu niliziacha kila mara zikiwa hazijajaa.

Hali yangu ni ya watu wengi wa huku. Ninakaa Amu, yaani mji wa Lamu, ambako mitaa yetu ni ya miguu na punda, na kazi yangu iko Hindi, upande wa bara. Pikipiki hulala Mokowe, uani kwa jamaa yangu, si mbali na jeti. Kazi ikiwapo, ninavuka kwa boti asubuhi, ninaiwasha, ninaenda Hindi, na jioni ninairudisha pale pale. Kazi isipokuwapo, au kusi ikichafua bahari, au Ramadhani ikiingia, pikipiki hukaa wiki mbili, hata tatu, bila kuendeshwa.

Mara ya mwisho ilikaa siku 19. Nilipobonyeza kitufe cha kuwashia, haikutoa hata mlio. Kwa kuwa ni ya kabureta na moto wake hautegemei betri, iliwaka kwa kiki, lakini nilipoweka multimita, yaani kipima umeme, kwenye vichwa vya betri baada ya kuizima nilisoma volti 9.8. Betri ilikuwa na umri wa miezi kumi.

Naomba nieleze kwanza namba hizi, maana ndizo zilizonipoteza kwa muda mrefu. Betri ya risasi na asidi inayoitwa ya volti 12 ina seli sita ndani yake, na kila seli ikijaa hutoa volti 2.1 hivi. Kwa hiyo betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa, husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu, ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikisoma 12.0 imebaki robo tu. Wengi wetu tukiona 12 kwenye mita tunasema betri iko sawa, kwa sababu hata juu ya kasha lake imeandikwa 12, ilhali betri hiyo inakaribia kuisha.

Hasara ya kuiacha nusu haiishii kwenye kukosa nguvu ya kuwasha. Betri inapotoa umeme, risasi iliyomo kwenye mabamba yake hugeuka kuwa salfeti ya risasi. Salfeti hiyo ikiwa changa ni laini, na ukichaji mapema hurudi ilikotoka. Ukiiacha siku nyingi hukua ikawa fuwele ngumu zinazoziba uso wa bamba, na sehemu iliyozibwa haipokei tena chaji. Joto huharakisha mambo hayo, na huku kwetu joto la mchana huzunguka nyuzi 30 kwa miezi mingi ya mwaka. Ndiyo maana betri ileile inaweza kumtumikia mtu wa Limuru, kwenye baridi, muda mrefu kuliko mimi.

Nikaenda kutafuta ni nani aliyekuwa akiinywa betri wakati pikipiki imezimwa. Baada ya kuichaji upya, nilizima swichi, nikafungua waya wa hasi, nikaiweka multimita katikati ya waya huo na kichwa cha hasi, nikianzia kwenye kipimo cha ampea 10 na baadaye kushuka kwenye miliampea. Tafadhali, mtu akifanya hivyo asiguse swichi wala kitufe cha kuwashia mita ikiwa pale, maana fyuzi ya mita itakatika papo hapo. Nilisoma miliampea 18. Nilipochomoa fyuzi ya alamu na traka (kifaa cha kufuatilia pikipiki ilipo), vitu nilivyofungiwa na fundi wa mjini, kipimo kilishuka hadi karibu na sifuri.

Miliampea 18 huonekana si kitu, lakini zidisha kwa saa 24 na utapata ampea-saa 0.43 (ampea-saa ni kipimo cha kiasi cha umeme) kwa siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 7. Kama ningeiacha imejaa, ingekauka, yaani kuishiwa chaji, baada ya siku 16 hivi. Daftari langu linaonyesha kwamba niliiacha ikiwa na volti 12.2, yaani nusu, kwa hiyo ilikauka siku ya nane, kisha ikakaa siku 11 nyingine ikiwa mfu kabisa katika joto. Siku hizo 11 ndizo zilizoimaliza.

Limebaki swali la kwa nini iwe nusu hali ninaiendesha. Nilipima injini ikiwaka. Ikinguruma taratibu bila kuongezwa mafuta, nilisoma volti 12.9, nikiwasha taa kubwa na kuchomeka simu, ilishuka hadi 12.5, maana yake betri ilikuwa ikitoa badala ya kupokea. Nilipokaza mafuta hadi mwendo wa kawaida wa barabarani ilipanda hadi 14.2, nayo ni sawa, kwa kuwa pikipiki nyingi huchaji kati ya 13.5 na 14.5. Kwa hiyo ule ushauri tunaopeana kila siku, kwamba mwambie kijana aiwashe dakika kumi kila baada ya siku tatu, haujazi betri. Jamaa yangu wa Mokowe aliwahi kunifanyia hisani hiyo kwa uaminifu mkubwa, na mara nyingi alikuwa akiipunguza chaji.

Kwa sasa ninaifungua betri, ninaiweka wima ndani ya ndoo yenye kitambaa, ninavuka nayo hadi Amu na kuichaji nyumbani. Ni kazi, na siku bahari ikichafuka ninahofia asidi isimwagikie nguo za abiria. Ningependa kujua wenzangu wa Malindi, Witu na Mpeketoni mnafanyaje.

Mchangiaji, Malindi

Waaleikum salaam, kaka. Nimekusoma hadi mwisho, na nimeelewa mambo ambayo nilikuwa nikiyafanya kwa mazoea tu. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda. Kituo changu kiko karibu na soko, na safari zangu nyingi ni za Barani, Muyeye na Maweni, dakika tano au kumi kila moja. Pikipiki yangu hailali hata siku moja, lakini betri haimalizi mwaka. Nina redio, soketi ya simu na taa nne za LED mbele. Traka ninayo pia, ila si yangu. Niliichukua pikipiki kwa mkopo, na mkataba unakataza kuigusa hadi deni liishe.

Jambo linalonitatiza ni kwamba betri yangu haikauki chaji kama yako. Maji ndiyo yanayoisha. Kila baada ya wiki tatu ninaongeza maji ya betri, na kasha limeanza kuvimba ubavuni. Shikamoo kwa mafundi wote waliomo humu. Naomba anayejua anielekeze.

Fundi, Mpeketoni

Marahaba, kijana wangu. Nimetengeneza pikipiki tangu zilipoanza kuwa nyingi huku kwetu, na nitajibu wote wawili, nikianza na wewe wa Malindi kwa kuwa lako ni la haraka.

Kasha linalovimba na maji yanayokwisha ni dalili ya betri inayochajiwa kupita kiasi. Pima volti injini ikiwa kwenye mwendo wa kati. Ukisoma 15 au zaidi, rektifaya yako, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa kuchaji betri, imeshindwa kuzuia, na betri mpya utakayoiweka itachemka vilevile. Kabla ya kununua rektifaya, fungua plagi yake na uangalie pini zake pamoja na waya wa hasi unaoshika kwenye fremu. Hewa ya chumvi ya pwani huingia kwenye maungio hayo, huyala na kuyafanya meupe au ya kijani, na mguso ukiharibika rektifaya hushindwa kufanya kazi yake sawasawa. Pengine betri itachajiwa kidogo mno, pengine kupita kiasi. Nimewahi kuokoa rektifaya kwa msasa laini na dakika kumi tu.

Angalia pia mrija mdogo wa kupumulia ulio ubavuni mwa betri. Betri mpya nyingi huja na kifuniko chekundu mahali hapo, na ni lazima kitolewe siku ya kuijaza asidi. Kisipotolewa, gesi haina pa kupitia na kasha litavimba hata kama rektifaya ni nzima. Mrija wenyewe uelekezwe chini, mbali na mnyororo, maana mvuke wa asidi hula chuma.

Sasa neno lako hilo la “maji ya betri”. Naomba kila mmoja alisome kwa makini, kwa sababu limeharibu betri nyingi kuliko kitu kingine ninachokijua. Dukani kuna chupa mbili, na zote mbili watu huziita maji ya betri. Moja ni asidi, ambayo hutiwa mara moja tu, siku betri inapoanza kazi. Ya pili ni maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji, na hayo ndiyo ya kuongezea. Betri inapochemka, kinachopotea ni maji, na asidi hubaki ndani. Ukiongeza asidi, unaifanya kali kupita kiasi nayo huanza kuyala mabamba. Ukiongeza maji ya kisima, ambayo huku pwani mengi yana chumvi, umetia sumu ndani. Jaza hadi mstari wa juu, usiuvuke. Zile betri zilizozibwa kabisa zisifunguliwe hata kidogo.

Nikija kwako, bwana wa Amu, vipimo vyako nimevipenda na hesabu yako ni sahihi, ila sikubaliani nawe kuhusu ndoo. Kuvuka bahari na betri ya asidi kila wiki ni hatari ambayo huihitaji. Betri iliyojaa na isiyo na kitu cha kuinywa hupoteza yenyewe asilimia chache tu kwa mwezi, hata tukikubali kwamba joto letu linaongeza. Kwa hiyo tatizo lako linaisha ukifanya mawili: ijaze kabisa siku ya mwisho kabla ya kuiacha, kisha fungua waya wa hasi peke yake na kuufunika kwa kipande cha mpira. Ichaji hapohapo Mokowe. Tena usitegemee safari ya Hindi kuijaza. Betri ya asidi hupokea chaji kwa haraka inapokuwa tupu, lakini ikikaribia kujaa hupokea polepole sana, na sehemu ile ya mwisho huhitaji saa nyingi ambazo safari fupi haina.

Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, anza na chanya. Spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya na hasi bado imefungwa, utaona cheche kubwa, na kama betri imetoka kuchajiwa kuna haidrojeni hapo juu yake, gesi inayolipuka kwa cheche.

Mchangiaji, Watamu

Habari zenu nyote. Mimi ni mwalimu, na nina skuta ya mfumo wa kielektroniki wa mafuta, isiyokuwa na kiki kabisa. Wakati wa likizo za shule huwa ninasafiri, nayo hubaki nyumbani mwezi mzima. Betri yake ni ya ampea-saa 6, ya aina iliyozibwa. Jirani yangu ana chaja kubwa ya magari na yuko tayari kuniazima kila ninaporudi. Je, inafaa? Na kama nikinunua paneli ndogo ya sola niiache ikichaji muda wote ambao sipo, nitakuwa nimekosea? Umeme wetu hupotea mara kwa mara, na ndiyo sababu nimefikiria sola.

Mwanzisha uzi, Amu

Mwalimu, nitajaribu kukujibu, na Fundi atanisahihisha nikikosea kama alivyonisahihisha kwenye ndoo.

Chaja ya magari naomba uikatae kwa shukrani. Kanuni inayofuatwa kwa betri ndogo ni kuichaji kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, kwa hiyo betri yako ya ampea-saa 6 inataka ampea 0.6 tu. Chaja ya gari inayosukuma ampea 10 itaipasha moto, na kwa betri iliyozibwa maji yakishatoka hakuna njia ya kuyarudisha. Isitoshe, kuichaji unaporudi ni kuchelewa. Kinachohitajika ni kuijaza kabla ya kuondoka, ili mwezi wote ilale ikiwa imejaa.

Sola ni wazo zuri, na kwa hali ya umeme wetu naiona kuwa bora kuliko chaja ya ukutani. Paneli ya wati 5 hutoa ampea 0.3 hivi jua likiwa kali. Ukipata saa tano za jua zuri, hiyo ni ampea-saa 1.5 kwa siku, ambayo inashinda kwa mbali unywaji wa alamu ya skuta. Lakini usiiunge moja kwa moja. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika 17 au 18 ikiwa inafanya kazi, na hupanda zaidi ya 20 ikiwa haijaungwa na kitu; betri iliyokwisha kujaa ikiendelea kusukumwa hivyo mwezi mzima itaharibika. Weka kontrola katikati. Kazi yake ni kukata chaji inapofika kiwango cha juu, kisha kuishikilia kwenye volti 13.5 hivi, na usiku kuzuia umeme usirudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli. Unga betri kwanza kwenye kontrola, halafu paneli, na kwenye mpangilio wake uchague betri iliyozibwa. Weka pia fyuzi ndogo kwenye waya wa chanya karibu na betri. Paneli ikae juani, lakini skuta yenyewe ikae kivulini, kwa sababu betri iliyo chini ya kiti katika jua la mchana hupata joto kubwa.

Kama utapendelea chaja ya umeme, nunua ile ndogo inayopunguza chaji yenyewe betri ikijaa. Kabla ya kuondoka ifanyie jaribio moja: chomoa plagi ukutani, subiri dakika chache, kisha irudishe. Ziko chaja ambazo umeme ukipotea na kurudi husubiri mtu abonyeze kitufe, na mtu mwenyewe atakuwa safarini. Na ukiona gharama ya yote haya ni kubwa, fanya kama alivyosema Fundi: ijaze, fungua hasi, nenda zako. Saa ya skuta itajifuta, hilo tu.

Fundi, Mpeketoni

Mwalimu, yote aliyoyasema ni sawa. Nitaongeza kwamba skuta yako isiyo na kiki haina njia nyingine ikikauka. Ukilazimika kuiwasha kwa betri ya gari ya jirani, gari lenyewe liwe limezimwa. Betri yake peke yake inatosha. Tena baada ya hapo usidhani mambo yamekwisha. Ichaji polepole usiku kucha kwa chaja ndogo, iache ipumzike nusu siku, ndipo upime. Ikisoma chini ya 12.4 baada ya yote hayo, mabamba yamekwisha kuzibika, na hakuna dawa ya kutia ndani ninayoweza kukushauri ununue.

Mchangiaji, Malindi

Mzee wangu, nimepima kama ulivyonielekeza. Mwendo wa kati unasoma 15.6. Kifuniko chekundu kilikuwa kimetolewa, kwa hiyo si hicho. Lakini waya wa hasi wa fremu ulikuwa umekula chumvi kiasi kwamba boliti iligeuka unga wa kijani. Nimeusafisha kwa msasa, nimeosha vichwa vya betri kwa maji ya moto yenye bikaboneti ya soda, nimekausha na kupaka Vaselini. Sasa ninasoma 14.4. Naona aibu kwamba nimenunua betri mbili kwa ajili ya boliti moja.

Fundi, Mpeketoni

Usione aibu, kijana wangu. Wanaokuja kwangu na tatizo hilo ni wengi, na si wote wanaokubali kupima kwanza. Betri iliyokwisha kuvimba iondoe hata kama bado inawasha, na ukinunua nyingine usikubali itiwe asidi na kufungwa papo hapo huku abiria anakusubiri. Betri ya kutiwa asidi huwa haijajaa inapotoka mikononi mwa muuzaji. Iache itulie nusu saa baada ya kujazwa, ongeza asidi ikiwa imeshuka chini ya mstari, kisha ichajiwe kwa ampea ndogo saa kadhaa kabla ya kuibebesha kazi. Ukiianza ikiwa pungufu, na safari zako ni za dakika tano tano, haitapata nafasi ya kujaa maisha yake yote. Na zile taa nne, ukiwa umesimama kituoni, zizime.

Mwanzisha uzi, Amu

Ndugu zangu, ninarudi na vipimo kama nilivyoahidi moyoni. Ndoo nimeiacha. Nilinunua chaja ndogo ya ampea 0.7, nikamwomba jamaa yangu wa Mokowe nafasi ya plagi kwa usiku mmoja, nikaijaza betri mpya hadi ikasoma 12.7 baada ya kupumzika. Nilifungua waya wa hasi, nikaufunika kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, nikavuka. Kwa kuwa alamu haifanyi kazi waya ukiwa umefunguliwa, nimeifunga pikipiki kwa mnyororo kwenye nguzo.

Kusi ilikuwa na nguvu na sikuvuka kwa siku 24. Jana asubuhi, kabla sijafunga waya, nilisoma 12.6. Vichwa vilikuwa vikavu chini ya Vaselini, bila unga wowote. Niliifunga, nikabonyeza mara moja, ikawaka. Jamaa yangu alikuwa amekwisha kunyoosha mguu kwenye kiki ili anisaidie.